Yerusalemu kwa Mara ya Kwanza: Somo kwa Vikundi vya Hija



Kamati za sharika na parokia zetu, kuanzia Amani hadi Mlalo na Bumbuli, hutuuliza namna ya kuandaa safari ya kwanza ya hija kwenda Yerusalemu. Safari hii humaliza akiba ya miaka mingi, na wengi huenda mara moja tu maishani. Kwa hiyo tumelitenga somo la toleo hili kwa ajili yao.

Tuanze na fedha. Mfuko wa hija uwe na daftari lake na akaunti yake. Fedha za mradi wa maji, za zahanati au za ada za watoto zisiguswe hata kwa wiki moja kwa jina la kuazima. Mhisani aliyetoa kwa ajili ya bomba hakutoa kwa ajili ya tiketi ya ndege, hata kama tiketi hiyo ni ya mchungaji. Vita vilivyoanza Oktoba 2023 vilisimamisha safari nyingi za hija, na hali ya huko hubadilika ghafla. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni Wizara ya Mambo ya Nje. Mkataba wa wakala nao uandike wazi jinsi fedha zitakavyorudishwa safari ikiahirishwa. Wakala asiyekubali kuandika hilo, mwacheni. Viza ipatikane kabla ya kuondoka, na bima ya matibabu isikosekane, hasa kwa wazee.

Kuhusu hali ya hewa, Yerusalemu uko juu ya milima, mita zipatazo 750 kutoka usawa wa bahari. Ni chini kidogo ya Amani, na karibu nusu ya mwinuko wa Lushoto mjini. Ila majira yao ni kinyume cha yetu. Mwezi Julai, sisi tunapovaa masweta, kwao ni jua kali bila mvua. Desemba hadi Februari ndiyo baridi na mvua, na mara chache huanguka theluji.

Mji wa Kale, ulio ndani ya kuta zilizojengwa na Sultani Suleiman katika karne ya 16, haufikii hata kilomita moja ya mraba. Mgeni hudhani atauzunguka wote kwa nusu siku. Asidanganyike. Njia ni nyembamba, ngazi ni nyingi, na mawe yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza. Mama aliyezoea kupanda na mzigo kutoka bondeni hatasumbuka, lakini mzee mwenye magoti mabovu atahitaji fimbo, viatu vya raba na kijana wa kumshika mkono. Mawakala wengi hupanga miji kumi kwa siku saba. Tunashauri siku tatu nzima zitengwe kwa Yerusalemu, hata ikibidi kuacha mahali pengine. Anayekimbizwa kutoka basi hadi basi hurudi na picha tu.

Kanisa la Kaburi Takatifu huwashangaza wengi wetu. Ndani ni giza, moshi wa ubani na foleni ndefu. Wanalitumia kwa pamoja Wagiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Waethiopia, na kila saa na kila kona vina mwenyewe kwa taratibu za tangu enzi za Waturuki. Ufunguo wa mlango hutunzwa na familia za Kiislamu. Waprotestanti hawana sehemu yao humo. Kwa hiyo msipange kuimba kwaya wala kuendesha ibada mkiwa kwenye foleni. Ingieni kimya, na mkiweza mfike alfajiri. Kisha waoneni watawa wa Kiethiopia wanaoishi katika vyumba vidogo juu ya paa. Mwafrika anayejiona mgeni pale akumbuke kwamba Waafrika wamekuwa wakisali mji huo kwa karne nyingi.

Kwaya msiiache nyumbani, hata hivyo. Kanisa la Mtakatifu Anna, karibu na birika la Bethzatha, lilijengwa karne ya 12, na mwangwi wake hufanya sauti nne ziwe kama arobaini. Vikundi huruhusiwa kuimba nyimbo za dini humo.

Mji huu ni mtakatifu kwa Wayahudi na kwa Waislamu pia. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jioni, na usafiri wa umma karibu wote husimama. Kwenye Ukuta wa Magharibi wanaume na wanawake husali pande tofauti, na mwanamume hufunika kichwa. Kwenye uwanja wa Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba, asiye Mwislamu huingia kwa lango moja tu, kwa saa maalumu, na si Ijumaa wala Jumamosi. Hapo hatusali kwa sauti wala hatuoneshi Biblia. Tuwaheshimu kama tunavyotaka majirani zetu Waislamu wa Lushoto watuheshimu. Kanga mbili begani zitawasaidia akina mama kila mahali.

Bethlehemu ni kilomita kama tisa tu, lakini kuna kizuizi cha ukaguzi, kwa hiyo kila mtu awe na pasipoti yake mfukoni. Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa una kimo cha mita 1.2 hivi, ni lazima kuinama. Zawadi za mti wa mzeituni nunueni hapo, kwani Wakristo wengi wa mji huo huishi kwa kazi hiyo, na mahujaji wasipokuja hukosa riziki.

Tunasisitiza pia kuwatembelea Wakristo wenyeji. Kanisa la Mkombozi la Kilutheri liliwekwa wakfu tarehe 31 Oktoba 1898 mbele ya Kaisari Wilhelm II, yule yule ambaye kwa jina lake Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal. Hadi leo lina usharika wa Waarabu, wanaosali kwa Kiarabu. Juu ya Mlima wa Mizeituni kuna hospitali ya Augusta Victoria, inayoendeshwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu 1950, ambayo hutibu Wapalestina wenye saratani. KKKT ni mwanachama wa shirikisho hilo, kwa hiyo mtu wa Usambara haendi pale kama mtalii. Andikeni barua mapema kuomba kupokelewa, na katika bajeti tengeni sadaka ya kuacha.

Mkirudi, mhasibu asome hesabu ya safari mbele ya usharika Jumapili ya kwanza, shilingi kwa shilingi, stakabadhi zikiwa mezani. Picha zioneshwe baada ya hapo.