Mti wa Krismasi na mzee wa zawadi: Mzazi wa Kiislamu amwambie nini mwanawe?

KILA ikaribiapo Desemba 25, maduka na hoteli za mijini hujaa miti ya plastiki iliyotundikwa taa na mipira midogo inayong'aa, pembeni amesimama mzee wa ndevu nyeupe na kofia nyekundu. Watoto wetu huuliza: "Baba, wetu uko wapi?" Wapo wazazi wa Kiislamu wanaonunua wakisema ni pambo tu. Wapo wanaomkaripia mtoto bila kumweleza kitu. Wote hawa hawajamsomesha mtoto.

Tuanze na historia. Nikolasi alikuwa askofu wa Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya nne Miladia. Masimulizi yanamsifu kwa ukarimu, na sikukuu yake ni Desemba 6. Waholanzi walimwita Sinterklaas. Marekani jina likawa Santa Claus. Shairi lililochapishwa gazetini mwaka 1823 huko Troy, New York, likampa gari la theluji na wanyama wanane wa kulivuta. Kuanzia mwaka 1863 akachorwa na Thomas Nast katika Harper's Weekly, na mwaka 1931 Coca-Cola ikaanza kusambaza ile sura tunayoiona leo katika matangazo yake.

Mti nao ni desturi ya Wajerumani. Mapambo yake ya kioo yalifinyangwa katika mji wa Lauscha, na mfanyabiashara Woolworth akaanza kuyauza Marekani mwaka 1880. Hata Wakristo hawakuafikiana: huko Massachusetts, sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini ya shilingi tano aliyesherehekea Krismasi, mpaka ilipofutwa mwaka 1681.

Atasema mtu: kama asili yake ni mila na biashara, ubaya uko wapi? Jibu ni kwamba alama hutazamwa kwa inachokiwakilisha. Mti huo husimamishwa kuadhimisha kuzaliwa kwa yule wanayemwita mwana wa Mungu. Sisi tunamuamini Nabii Issa (A.S.) kuwa ni Mtume wa Allah, na mti unaotajwa katika Surat Maryam, mama yake alipopata uchungu, ni mtende.

La pili ni zito zaidi. Mtoto huambiwa mzee huyo anajua nani mwema na nani mtukutu duniani kote. Je, kujua ya ghaibu si sifa ya Allah (S.W.) peke yake? Na siku mtoto atakapogundua kuwa mzee huyo hayupo, atawaaminije wazazi hao hao wanapomfundisha kuhusu Malaika na Akhera?

Hata hivyo, hili si ruhusa ya kumkejeli jirani Mkristo. Suratul Mumtahina, aya ya 8, inaturuhusu kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mfundishe mwanao kumheshimu jirani bila kuiga ibada yake.

Mwisho, tujiulize. Idd zetu mbili zinapita, mtoto hana kanzu mpya wala zawadi, wala hakupelekwa kuswali uwanjani. Kisha tunashangaa macho yake yakikodolea mti wa dukani! Tuzipe Idd zetu haki yake, naye hatatamani ya wenzake.

Wallahu a'alam.