Kutoka Nyika ya Same hadi Mchanga wa Maziwe: Anza na Kalenda ya Mwezi

Wanaoniomba ushauri wa safari hii huja na ramani mkononi. Wameshapima: Moshi hadi Tanga kama kilomita 350, Tanga hadi Pangani 50, kisha Saadani, Bagamoyo, Dar es Salaam. Wamegawanya kwa mwendo wa gari, wamepata siku zao. Mimi huwaambia waiweke ramani pembeni na wafungue kwanza kalenda ya Kiislamu, hata kama wao ni wa kanisani.

Sababu ni bahari. Mahali ninapopapenda kuliko pote katika njia hii ni Maziwe, fungu la mchanga lililo mbele ya ufukwe wa Ushongo, kusini mwa Pangani. Maji yakipwa unalitembea kwa miguu, yakijaa, limezama. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hutoka mbali sana, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Mashua inaondoka ufukweni jua halijawa kali na unafika mchanga ukiwa wazi. Siku za maji mafu, mwezi wa saba au wa ishirini na mbili hivi, kupwa kunaangukia alfajiri na alasiri, na hata hapo maji hayatoki sana. Niliwahi kumwuliza mvuvi mmoja pale Ushongo: "Shikamoo mzee. Kesho maji yanatoka saa ngapi?" Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza yeye: "Leo mwezi ngapi?" Nilipomtajia, saa alikuwa nayo mdomoni.

Basi weka siku ya Maziwe kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma. Tuseme umechagua asubuhi ya mwezi kumi na tano. Ondoka Moshi mwezi kumi: usiku mmoja Same, mmoja Lushoto, miwili Tanga mjini, mmoja Ushongo. Ukiikata safari hiyo kwa siku mbili utafika, lakini utakuwa umeona lami tu.

Baada ya mwezi, angalia mvua. Masika, Machi hadi Mei, acha kabisa kipande cha Saadani, maana udongo mweusi wa kule ukilowa hauchagui ubora wa gari. Juni hadi Agosti njia ni kavu ila kusi inavuma, na wenye kichefuchefu hawataipenda mashua. Ningechagua Septemba mwishoni, kusi ikianza kulegea na vuli haijakolea. Januari na Februari nayo ni mizuri kwa anayestahimili joto. Ikiangukia Ramadhani, si lazima uahirishe, ila jua kwamba mchana Tanga na Pangani migahawa mingi imefungwa. Beba chakula chako, kula kwa staha, na jioni utafidiwa kwa futari.

Sasa nyika. Jangwa halisi hatuna, lakini kati ya Same, Makanya na Hedaru utaelewa kwa nini watu hulitaja. Milima ya Pare inazuia mawingu yatokayo baharini; mvua inabaki upande wa pili, na huku chini barabara inapita kwenye migunga, mkonge pori na vumbi jekundu. Mchana chamchela huinuka uwandani na kukatiza barabara, kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili na pandisha vioo. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa bado baridi, maana yakishapata moto kipimo hudanganya. Beba dumu la lita 20 la maji, la kunywa na la rejeta. Mimi hupita hapa alfajiri, ingawa jua la asubuhi linapiga machoni ukielekea Tanga. Miwani ya jua si urembo.

Kama una siku ya ziada, itumie Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko karibu kabisa na mji wa Same. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na inapakana na Tsavo ya Kenya. Faru weusi na mbwa mwitu wanatunzwa humo. Wanyama hawajazoea magari kama wa Serengeti, hivyo usitegemee simba wa kupigwa picha kando ya barabara. Uzuri wa Mkomazi ni ukubwa wake na ukimya. Malipo ya hifadhi fanya mapema kwa simu au benki, usije langoni na noti.

Kuanzia Mombo vijiji vinafuatana, na kibao cha 50 kinafuatwa na askari mwenye tochi mara nyingi kuliko unavyodhani. Punguza mwendo kwa sababu ya watoto na bodaboda. Tochi itakuwa imejitatua yenyewe. Usiku usiendeshe, maana malori yaliyoharibika huegeshwa yakiwekewa majani ya mti badala ya kiakisi.

Korogwe ni ya kula na kujaza mafuta. Muheza ni machungwa. Nisingelala pote pawili kama Tanga imeshakaribia.

Wenyewe wa Tanga wana msemo, waja leo waondoka leo, na wageni wengi huutii bila kuujua: wanalala usiku mmoja, wanakunywa chai, wanakwenda Pangani. Wape Tanga siku mbili. Asubuhi tembea Ngamiani, ambako mitaa imepewa namba, barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja, kiasi kwamba mgeni hapotei hata akitaka. Jioni nenda Raskazone upunge upepo. Kaskazini kama kilomita 8, njia ya Horohoro, yapo mapango ya Amboni. Vaa viatu vya kufunga, beba tochi yako mwenyewe, na msikilize mtembezaji akikusimulia habari za Osale Otango, mtoro aliyejificha humo enzi za mkoloni. Ukirudi hotelini mpigie simu mtu aliye Pangani, umwulize hali ya barabara na kivuko. Ujenzi wa lami na wa daraja la mto Pangani hubadilisha mambo mwezi hadi mwezi, hivyo usiamini maelezo ya mwaka jana, haya yangu yakiwemo.

Njia ya Pangani ni fupi, na hiyo ndiyo hatari yake, watu huikimbia. Simama Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Simama tena Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Karibu na hapa, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake mwenyewe, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Pangani mjini ndiko Wajerumani walikomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya kuongoza vita vya pwani dhidi yao.

Jaza tenki Pangani. Ng'ambo ya mto, kuanzia Bweni, sheli ni za kubahatisha na petroli huuzwa kwenye chupa kando ya njia. Hapa ndipo stepni inapopimwa: wengi hubeba tairi lisilo na upepo na jeki isiyofika. Vikague vyote kabla ya Tanga, fungua nati moja kwa spana yako uone kama inashika. Ng'ambo hiyo ndiko liliko pia shamba la Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa huko. Mashamba ya mkonge uliyopishana nayo tangu Korogwe yalianzia kwenye miche hiyo.

Baada ya Maziwe, lala tena Ushongo au endelea Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005 na ya pekee nchini kwa bara lake kugusa bahari. Gari dogo linatosha Moshi hadi Pangani. Kwa Saadani chukua gari la juu linalovuta kwa magurudumu manne. Ukifika Mkwaja, simamisha gari na uulize wenye pikipiki wanaotoka kusini. Kama mvua imenyesha usiku, geuza, vuka tena mto, na uende Dar kwa Muheza, Segera na Chalinze. Ni mzunguko mrefu, lakini kuanzia Muheza ni lami yenye sheli na mafundi, na utafika siku hiyohiyo ukianza kabla ya saa tatu asubuhi.