Kura ya Kenya Ukiwa Musaga

Uchaguzi wa Kenya ukikaribia, Wakenya wanaoishi Musaga, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, huulizana swali lile lile: kura itumwe kwa posta, au ndugu aliyeko Kisumu akupigie? Hakuna hilo. Kenya haina kura ya posta wala ya wakala, na hakuna kupiga mapema. Aliye ng'ambo hufika kituoni mwenyewe, siku ile ile ya uchaguzi.

Bahati nzuri kituo kipo Bujumbura. Burundi imo kwenye orodha ya nchi zenye vituo vya ng'ambo tangu 2013, pamoja na Tanzania, Uganda na Rwanda. Kufikia 2022 nchi zilikuwa 12. Hata hivyo walioandikishwa nje walikuwa 10,443 tu, kati ya wapiga kura milioni 22.1.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Mwaka 2022 usajili wa ng'ambo ulifunguliwa Januari 21 ukafungwa Februari 6, na kura ilikuwa Agosti 9. Aliyezinduka Machi, siasa ilipopamba moto, alibaki mtazamaji. Ndiyo maana mgeni akinijia kuuliza habari za kura, mimi humuuliza kwanza pasipoti yake ya kujiandikishia inaisha lini.

Halafu kuna suala la kuhamisha kura, ambalo halielezwi vya kutosha. Anayeandikishwa Bujumbura humchagua rais pekee. Gavana, seneta, mbunge na diwani wa kwao watachaguliwa bila yeye. Mwenye damu ya moto na kiti cha ubunge wa nyumbani ni heri aache jina lake huko, kisha atafute nauli.

Siku yenyewe mpiga kura hubeba hati ile ile aliyojiandikishia. Kadi ya kura si lazima. Kifaa cha KIEMS, cha kielektroniki cha kutambua wapiga kura, husoma kidole na picha hutokea. Shida ni kushuka mjini. Machi 2022 Burundi ilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na tuktuk katikati ya Bujumbura, kwa hiyo wa Musaga anategemea basi au teksi, na mafuta nayo yana msimu wake wa kuadimika. Saa pia huchanganya: redio ya Nairobi ikitangaza saa kumi na mbili asubuhi, Bujumbura bado ni kumi na moja.

Kura huhesabiwa pale pale kituoni na kujazwa katika Fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo. Katika jumla ya kitaifa, ughaibuni hupewa namba 48, baada ya kaunti 47. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027.