Leseni ya kukadiria hasara: anza na jina lako

Kijana mmoja wa Marangu Mtoni aliniletea bahasha ya kaki imejaa vyeti, akauliza leseni ya uasesa wa bima inapatikana wapi. Nilisoma karatasi tatu tu, nikamrudishia. Cheti cha kuzaliwa kilimalizia jina la ukoo kwa "y", cha kidato cha nne kwa "i", na kitambulisho cha NIDA kilikuwa na jina la babu ambalo vyeti vingine havina. Sisi wa mlimani tumezoea kuandikwa vyovyote anavyosikia karani, kompyuta haijazoea. Nenda kwanza kwa wakili akuandikie kiapo cha majina, kisha TIN na akaunti ya benki zifuate jina hilohilo.

Leseni yenyewe hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Asesa kwa jina rasmi ni mkadiria hasara: huitwa baada ya ajali au moto aseme nini kimeharibika, kwa sababu gani, na mkataba unalipa kiasi gani. Usimchanganye na wakala. Huwezi kumuuzia mtu bima asubuhi, jioni ukaja kukadiria hasara yake.

Kwa elimu, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, cha Dar es Salaam kinafundisha bima hadi shahada. Fundi magari na mhandisi nao wasijione wako nje. Gari lililobonyea linamtaka anayeijua injini. Ila cheti peke yake hakitoshi. Tafuta kampuni ya wakadiria iliyosajiliwa, ukae chini ya mkubwa hata kama posho ni ya nauli tu, na ukiondoka akupe barua inayotaja aina za madai uliyoshika, si ile ya "alikuwa na nidhamu".

Ukiwa huko, jifunze hesabu hii hadi uiote. Duka limeungua. Bidhaa zote zilikuwa na thamani ya shilingi milioni 20, lakini mwenye duka alikata bima ya milioni 10 ili apunguze malipo ya mwaka. Moto umekula za milioni 6. Asesa mchanga ataandika 6. Kama mkataba una kanuni ya uwiano, aliyekata bima ya nusu hulipwa nusu: milioni 3, kabla ya kutoa kiasi alichokubali kubeba mwenyewe. Na hiyo milioni 20 umeitoa wapi? Kwenye risiti za EFD na daftari la mali kauli. Vikiwa vimeungua navyo, teremka Moshi kwa muuzaji wa jumla aliyekuwa akimpelekea mzigo, uombe nakala. Kwa gari, picha ya kwanza iwe ya namba ya chesisi. Kibao cha namba kinaweza kuhama kutoka gari moja kwenda jingine.

Kuna jambo ambalo darasani hulisikii. Huku kwetu kila mtu ni shemeji, binamu au mlikaa dawati moja. Utafika kihambani kukagua ukute mbege imeshamiminwa na nyama iko motoni. Kama dai ni la ndugu, iandikie kampuni siku hiyohiyo ikupangue, upewe kazi nyingine. Kama si la ndugu, kunywa maji, piga picha zako, uondoke.

Ukifungua kampuni yako, isajili BRELA, na uulizie mapema bei ya bima ya dhima ya kitaalamu, ile inayokulinda ukikosea makadirio na mtu akakudai. Kisha soma masharti na ada za mwaka huo kutoka TIRA wenyewe, maana karatasi ya jamaa aliyeomba miaka mitatu iliyopita itakupoteza. Makao makuu yako Dodoma, lakini wa Marangu ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha. Panda gari la alfajiri kwenda Himo, uunganishe hadi Arusha, ukaulize ana kwa ana kabla ya kuwasilisha chochote.

Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba. Akitokea wa kukwambia "nitumie kwenye simu yangu nikuharakishie", usimtumie hata senti.