Mambo ya Leba Ambayo Chuo Hakikunifundisha

Chuoni tulifundishwa kupima njia, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kujaza patografu na kumpokea mtoto. Yote hayo nayafanya kila zamu katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania. Lakini nifuate usiku mmoja, utanikuta muda mwingi niko kwenye vijishughuli visivyoandikwa popote. Navyo vimenifunza haya.

1. Kanga ni kifaa cha tiba

Mama akishapata kitanda, naomba ruhusa nipekue begi lake. Natafuta kanga mbili za mtoto, safi na zilizokwisha kufuliwa. Mtoto hutoka amelowa chapachapa, na asipokaushwa hapo hapo joto lake linashuka. Kanga ya kwanza inamkausha na kuwekwa kando. Ya pili inamfunika akiwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Sasa mashangazi, kwa mapenzi yao, huleta doti mpya ya dukani, ngumu, bado ina wanga. Hiyo haikaushi kitu, maji yanateleza tu juu yake. Ndipo nesi mwenye diploma anapotoka nje saa nane za usiku kuwaamsha ndugu waliolala kwenye mabenchi na kuuliza nani ana kanga iliyofuliwa.

2. Friji ya dawa inataka askari

Mtoto akishatoka, ndani ya dakika moja mama anachomwa oksitosini, uniti 10, pajani, ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimwagike. Dawa hiyo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikipata joto nguvu yake hupungua, na kwa kuitazama huwezi kujua. Basi askari ni mimi: natoa maji ya wanafunzi, natoa soda ya daktari wa zamu, na kuna siku nilitoa samaki wa mtu. Walinuna. Wanune tu.

3. "Umekojoa?"

Hakuna swali ninalouliza mara nyingi kuliko hilo. Kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kujikaza baada ya kujifungua, mama akaendelea kuvuja damu. Namuuliza binti mwenye haya, namuuliza mke wa shehe, namuuliza na mwalimu aliyenifundisha shule ya msingi. Aibu naiacha getini.

4. Habari njema nayo ina wakati wake

Simu ya mama ikiita wakati uchungu umekolea, mpokeaji ni mimi. Mama mkwe anataka kujua kafikia wapi. Mume anauliza kama achukue boda aje sasa hivi. Mtoto akilia tu, wa nje wanagonga mlango: "Nesi, wa kike au wa kiume?" Mimi sitangazi kitu mpaka kondo la nyuma litoke, niligeuze pande zote mbili kwenye mwanga, nijiridhishe kwamba limetoka zima. Kipande kikibaki ndani, mama anaweza kutokwa damu nyingi. Kwa hiyo jibu langu ni moja: "Subiri kidogo mama, tunamalizia." Tukishamaliza, habari anaitoa mzazi mwenyewe, mimi namshikia simu sikioni.

5. Ukarani ni sehemu ya ukunga

Jina la mtoto ni vita ya kwao. Upande wa baba wana babu yao, upande wa mama wana bibi yao, mimi simo. Ninachokomalia ni jina la mama kwenye tangazo la kizazi, maana tangazo hilo ndilo linalotumika kutafutia cheti cha kuzaliwa. Rehema akiandikwa Lehema, herufi hiyo moja itamsumbua mtoto miaka mingi. Namwomba mama asome mwenyewe. Asiyejua kusoma namsomea herufi kwa herufi, ndugu yake akisikia.

Kwa hiyo dada yangu unayepanga begi wiki hii: fua kanga kabla hujazikunja. Weka kadi ya kliniki na kitambulisho juu kabisa. Simu iwe na chaji. Na uje na ndugu mmoja mwenye moyo mgumu. Wengine wabaki nyumbani wakoroge uji, kwani ukishajifungua utakuwa na njaa.