Taya Likitengenezwa kwa Mfupa wa Mguu: Jiandae Hivi

Umeambiwa una ameloblastoma, uvimbe wa taya, na taya litakatwa. Kabla ya kusaini fomu, uliza: mfupa wa kuziba pengo utahamishwa pamoja na mishipa yake ya damu? Pengo likizidi sentimita 6 hivi, au kama ulishapigwa mionzi, kipande kisicho na mishipa mara nyingi hakidumu.

Mfupa unaotumika sana ni fibula, ule mwembamba wa upande wa nje wa mguu. Usihofu, uzito wako unabebwa na muundi. Utatembea.

Dai miguu ipimwe mishipa mapema. Wapo watu ambao damu ya unyayo hutegemea mshipa uleule unaokwenda na fibula. Kwao mfupa hutafutwa kwingine.

Unavuta sigara? Acha leo. Una kisukari? Kidhibiti kabla ya tarehe ya operesheni.

Siku tatu za mwanzo ndizo za kukaza macho. Vimishipa vya milimita chache vimeshonwa shingoni kwa hadubini. Damu ikiganda humo, mfupa unakufa. Nesi akikuamsha usiku kila saa kukagua, mshukuru. Anayekuuguza naye afundishwe kutazama kile kipande cha ngozi kilichokuja na mfupa. Kikipoa na kusinyaa, damu haiingii. Kikivimba na kuwa cha zambarau, damu haitoki. Lakini ngozi nyeusi huficha rangi, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Muombe daktari asikilize mshipa kwa kifaa cha Doppler, au achome sindano aone damu inayotoka. Mkiwa na shaka, iteni timu palepale, msingoje raundi ya asubuhi. Mishipa huweza kufunguliwa upya ikiwahiwa.

Usifunge chochote shingoni. Hata kamba ya mpira wa kupumulia isikaze.

Chakula kitapita kwenye mpira wa puani kwanza, uji wa mdomoni baadaye. Usijaribu kuonja kwa siri.

Mguuni, kidole gumba husahaulika. Kinaweza kubaki kimejikunja, kwa hiyo kinyooshe kila siku kama utakavyoelekezwa na mtu wa fiziotherapia.

Na meno? Uliza sasa nani atakutengenezea. Daktari wa meno akishiriki kupanga tangu mwanzo, mfupa utakaa pale meno yatakapohitaji kusimama.