Mafunzo kwa Akina Mama: Mtoto Aliyeshuka Mgongoni

Tseikuru iko upande wa kaskazini wa Kitui, mbele ya Mwingi na Kyuso, katika nchi kavu yenye mibuyu, migunga na mito ya mchanga. Mama wa huko aliyejifungua ana kazi nyingi kuliko mikono yake. Maji yatoka mbali, kuni hazina budi kutafutwa, mbuzi wangoja kufunguliwa, na mtoto mchanga ataka kunyonya usiku na mchana. Katikati ya kazi hizo yumo mtu mwingine ambaye aghalabu husahauliwa: mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ambaye juzi alikuwa akibebwa mgongoni, na leo ameshushwa ili nduguye apate nafasi.

Somo hili lahusu mtoto huyo. Wako wanaodhani kwamba kumchezesha ni anasa ya watu wenye wakati mwingi, na kwamba yatosha akinyamaza. Lakini maarifa ya uganga na ya malezi yaonyesha kwamba miezi ile ya kwanza baada ya kuzaliwa nduguye ni ya hatari kwake, na kwamba mchezo, pamoja na chakula, ni sehemu ya ulinzi wake.

UGONJWA WENYE JINA LA AJABU

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliandika habari za ugonjwa aliouona kwa watoto wadogo katika nchi ya Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Watoto hao walilishwa zaidi vyakula vya mahindi. Miguu yao ilivimba, nywele zilibadilika rangi, ngozi ilibanduka, nao walikosa raha. Mwaka 1935 aliandika tena, na safari hii akautaja ugonjwa kwa jina ambalo wenyeji walilitumia katika lugha ya Ga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mwenziwe azaliwapo.

Yafaa kulifikiri jina hilo. Akina mama wa Accra walikuwa wamekwisha kutambua, kabla ya vitabu, kwamba mtoto aliyeshushwa mgongoni ndiye aliye katika hatari. Alikuwa ameachishwa ziwa ghafula, akapewa uji mtupu, na macho ya watu wote yakamgeukia mgeni. Tangu siku zile wataalamu wamejifunza mengi zaidi juu ya ugonjwa huo na jinsi maradhi ya mara kwa mara yanavyouchochea, lakini onyo lililomo katika jina lile halijachakaa.

CHAKULA KWANZA

Mchezo haushibishi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni chakula. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Uji wa mahindi peke yake haumfai. Katika nchi ya Tseikuru mna ndengu, kunde, mbaazi, mtama na wimbi, na nyumba nyingi zina mbuzi na kuku. Ndengu zilizopondwa, yai, maziwa yaliyochemshwa na mafuta kidogo juu ya chakula humjenga mtoto.

Wapo wanaoamini kwamba mama akishika mimba maziwa yake humdhuru anayenyonya. Sivyo. Mama mwenye afya njema aweza kuendelea kunyonyesha, na akitaka kumwachisha mtoto na afanye hivyo pole pole, si kwa siku moja. Mwenye shida katika mimba yake amwulize mwuguzi. Wote wawili wakinyonya baada ya uzazi, mchanga hutangulia, hasa siku zile za maziwa ya kwanza ya manjano, kwa sababu yeye hana chakula kingine chochote mpaka atimize miezi sita.

HASIRA YAKE SI UKOROFI

Mtoto mkubwa akimwona nduguye mapajani mwa mama, aweza kulia bila sababu, kukojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha, kudai ziwa tena, au hata kumpiga mchanga. Hayo si matendo ya mtoto mbaya. Hana maneno ya kusema kwamba ameogopa, basi husema kwa mwili wake. Kumchapa humthibitishia yale aliyoyaogopa, yaani kwamba mahali pake pamekwenda.

Mama mwenye hekima huanza mapema. Kama mtoto atahamishiwa kitanda kingine au kulala na nyanya yake, na ahamishwe miezi miwili kabla ya uzazi, asije akaona kwamba mgeni ndiye aliyemfukuza. Aambiwe habari kwa maneno machache, aguse tumbo la mama, na siku ya kurudi kutoka hospitalini mama amsalimu yeye kwanza, huku mchanga akishikwa na mtu mwingine.

MIKONO IMESHIKWA, SAUTI HAIKUSHIKWA

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa muda wa saa 24. Ikiwa kila mara huchukua dakika 20, mama huketi karibu saa tatu au nne kila siku akiwa amefungwa mikono. Ndizo saa ambazo mkubwa hupanda mgongoni, humwaga maji au hukimbilia jikoni. Lakini mama aliyeshikwa mikono hakushikwa ulimi, na sauti yake ndiyo kitu ambacho mtoto amekitamani.

Ng'ambo ya mto Tana, katika wilaya ya Embu, wataalamu wa Kenya na Marekani waliwachungua watoto wa umri huu majumbani mwao, na mwaka 1988 wakachapisha waliyoyaona. Watoto waliosemeshwa mara nyingi, waliojibiwa walipotoa sauti, na ambao watu walidumu kucheza nao, walikuwa mbele ya wenzao walipopimwa akili. Mazungumzo hayakununuliwa dukani.

Basi wakati wa kunyonyesha ugeuzwe kuwa wakati wa mkubwa pia. Akalishwe karibu, mgongo wake ukiguse kiuno cha mama. Mama amwulize: Pua iko wapi? Mbuzi husemaje? Na punda? Amwimbie, naye apige makofi. Amsimulie hadithi fupi ya sungura na fisi, nayo irudiwe kila siku bila kubadilishwa, kwa maana mtoto wa miaka miwili hapendi hadithi mpya kama apendavyo ile aijuayo. Mtoto akitamka neno nusu, mama alitamke zima na kumrudishia.

KIKAPU CHA WAKATI WA KUNYONYESHA

Wanawake wa Ukambani wasuka vikapu vya katani viitwavyo vyondo. Kimoja kidogo kitengwe kwa ajili ya mtoto mkubwa, kitundikwe juu, na kiteremshwe tu mama aketipo kunyonyesha. Ndani yake hutiwa vitu vitano au sita visivyo na gharama: gunzi la mahindi lililovikwa kitambaa kama mwanasesere, kibuyu kikavu kilichozibwa imara, chenye vijiwe vya kulia ndani, vikombe viwili vya plastiki vinavyoingiana, kijiko cha mti na kopo lisilo na makali, la kupiga ngoma, na mpira wa matambara. Kila baada ya siku chache vitu viwili hutolewa na vingine hutiwa, ili kikapu kiwe kipya siku zote.

Jambo hili limejaribiwa. Mjini Kingston, Jamaica, kuanzia mwaka 1986, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuata watoto 129 waliodumaa, ambao walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walipewa chakula cha nyongeza, baadhi walitembelewa nyumbani kila juma kwa saa moja na mhudumu wa afya aliyemfundisha mama kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, baadhi walipata yote mawili, na wengine hawakupata nyongeza hizo. Baada ya miaka miwili chakula na mchezo vyote vilionekana kuwa vimesaidia, na waliopata yote mawili waliendelea vizuri kupita wengine. Watoto wale walipokuwa watu wazima wa miaka 22 walitafutwa tena. Habari iliyochapishwa mwaka 2014 ilieleza kwamba waliochezeshwa walikuwa wakipata mshahara uliozidi ule wa wenzao kwa asilimia 25. Gunzi la mahindi na kopo tupu si vitu vya kudharauliwa.

KAZI YAKE MWENYEWE

Mtoto wa miaka miwili apenda kutumwa kuliko kuchezeshwa. Apewe kazi aiwezayo: kumletea mama nguo ya mchanga, kuwarushia kuku mtama, kushika ufagio mdogo, kupeleka kikombe kwa nyanya. Kazi hiyo itachelewesha mambo, na nusu ya mtama itamwagika, lakini yeye atakuwa amepata cheo nyumbani. Mama asifu kwa kutaja tendo: "Umeleta nguo ya mtoto, ahsante."

Tena mchanga akilala, dakika kumi ziwe za mkubwa peke yake, kabla sufuria hazijaoshwa. Apakatwe, alishwe, achezewe. Dakika kumi za hakika kila siku hutuliza moyo kuliko ahadi ya kutwa.

MAHALI PA SALAMA

Mkeka utandikwe kivulini ambapo mama aweza kumwona na kumsikia mtoto. Mawe na magogo ya karibu yaondolewe, kwa maana nge na nyoka hukaa chini yake. Jiko liwe mbali. Ndoo na beseni zifunikwe, kwani maji kidogo sana yatosha kumzamisha mtoto. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda. Ndengu mbichi, mbegu za ukwaju na mabuyu si vitu vya kuchezea kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa kuwa humkaba koo au huingia puani.

Mkubwa na mchanga wasiachwe peke yao hata kwa kitambo kidogo. Mkubwa aweza kumlisha nduguye ugali kwa mapenzi. Afundishwe kumgusa miguu, baada ya kunawa mikono.

MKONO MMOJA HAULEI MWANA

Zamani binti mkubwa wa nyumba ndiye aliyekuwa yaya. Tangu mwaka 2003, shule za msingi za serikali zilipoacha kutoza karo, wasichana wengi wako darasani mchana, na hapo ndipo mahali pao. Si haki kumkalisha binti nyumbani ili amchunge mdogo wake. Kwa hiyo wengine wajitokeze. Baba aliye nyumbani na amchukue mkubwa aendapo kufungua mbuzi, na aliye kazini Nairobi au Mombasa aongee naye kwa simu kwa jina lake, asiulize habari za mchanga tu. Nyanya ana hadithi na mapaja. Jirani mwenye mtoto wa umri huo aweza kupokezana zamu na mama.

DALILI YA KUTAZAMA

Mtoto mzima hucheza. Aachaye kucheza, akakaa kimya, akakataa chakula, huenda ameanza kuugua, na kimya chake kisifurahiwe kama utulivu. Mhudumu wa afya wa kijijini huupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wenye rangi. Kijani, tangu sentimita 12.5 kwenda juu, ni salama. Manjano, kati ya 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni hatari. Tena miguu yote miwili ibonyezwe polepole kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama utepe waonyesha kijani, kwa sababu uvimbe humfanya mgonjwa aonekane mnene. Wakati wa kupelekwa mchanga kwa chanjo, mkubwa naye apelekwe, apimwe uzito na apewe matone ya vitamini A ikiwa miezi sita imepita.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA VIKUNDI VYA WANAWAKE

1. Jina la kwashiorkor lamaanisha nini, nalo lafundisha nini?
2. Taja vyakula vinne vya Tseikuru vinavyofaa kuongezwa katika chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa.
3. Mama anyonyeshaye aweza kufanya mambo gani matatu na mtoto mkubwa bila kutumia mikono?
4. Kila mmoja alete kitu kimoja kisicho na gharama kifaacho kutiwa katika kikapu, na wenzake waseme kama ni cha salama.
5. Ni nani katika kila nyumba awezaye kumpa mtoto mkubwa dakika kumi leo jioni?